Jinsia ya mchezaji na hatima ya penzi hadithini

KATIKA hadithi za kompyuta ambazo msomaji huziendesha mwenyewe, swali la kwanza mara nyingi huwa hili: wewe ni mwanamume au mwanamke? Jibu hilo fupi laweza kuamua ni nani atakayekubali posa ya mchezaji na ni nani atakayeikataa.

Watunzi hufuata njia tatu. Ya kwanza ni kumpa kila mhusika msimamo wake. Katika Dragon Age: Inquisition, mchezo uliotolewa mwaka 2014, Cassandra humpenda mchezaji wa kiume pekee, naye Solas wa kike pekee. Ya pili ni kufungua milango yote: Stardew Valley, mchezo wa mwaka 2016, una wachumba 12 na jinsia ya mchezaji haimzuii kumchagua yeyote. Ya tatu ni kumgeuza mhusika mwenyewe awe mume au mke, kulingana na jibu la mchezaji.

Kwa mtunzi wa Kiswahili, njia hii ya tatu yaonekana rahisi. Sentensi “alimtazama, akatabasamu” haifichui nani mume, nani mke. Lakini ndoa inapofika, siri hufichuka, kwani mwanamume huoa na mwanamke huolewa.

Tofauti hiyo si ya sarufi tu, na kisiwa cha Pate chatoa mfano mzuri. Habari za Pate husimulia jinsi Suleiman wa ukoo wa Nabhani alivyofika kutoka Uarabuni, akamwoa binti wa mfalme wa Pate, na kwa ndoa hiyo akaupata ufalme. Kisa hiki kikigeuzwa mchezo, anayechagua kuwa mwanamume ni mgeni ambaye posa humfikisha kwenye kiti cha enzi. Anayechagua kuwa mwanamke ni mwenyeji, naye ndiye mlango wa ufalme. Swali lake ni zito zaidi: je, mgeni huyu anampenda yeye au anautaka ufalme wa babake?

Mila nayo ina neno. Katika miji ya kale ya visiwa vya Lamu, ilikuwa desturi mume kuhamia katika nyumba ambayo mke alipewa na wazazi wake.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliutunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, akimuusia namna ya kuishi na mume. Lau msikilizaji angekuwa mwana wa kiume, mwenzi anayezungumziwa angekuwa mke, na wasia wenyewe ungebadilika.

Kwa hiyo, mtunzi anayebadilisha jina la mhusika na kuyaacha mengine yalivyo hajamaliza kazi. Jinsia ikibadilika, hubadilika pia mwenye nyumba, mwenye kuposa na mwenye cha kupoteza.