Pesa za jimnastiki: mfuko unaoonekana na usioonekana

Mzazi wa Marekani mwenye binti kwenye timu ya mashindano ya jimnastiki mara nyingi hulipa kwenye mifuko miwili. Ada ya mazoezi ya kila mwezi inakwenda kwa mwenye ukumbi, ambaye kwa kawaida ni mfanyabiashara binafsi. Ada za mashindano, pamoja na nauli na malazi ya makocha, hukusanywa na chama cha wazazi kilichosajiliwa kama taasisi isiyo ya faida. Sheria inakidai chama kiweke taarifa yake ya mwaka wazi kwa umma. Mwenye ukumbi hadaiwi hivyo.

Hata mfuko wa chama hauonekani wote. Kila mwaka chama hupeleka taarifa kwa IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, na kina cha taarifa hiyo hutegemea mapato ghafi. Kama kwa kawaida hayazidi dola 50,000, kinajaza Fomu 990-N kwenye intaneti: jina la chama, anwani, jina la kiongozi mmoja, na tamko kwamba mapato hayajavuka kiwango. Fomu hiyo haiulizi pesa zilitumikaje. Mapato yakizidi hapo, chama hujaza 990-EZ, inayoonyesha mapato na matumizi. Yakifika dola 200,000, au mali ikifika dola 500,000, inadaiwa Fomu 990 kamili.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kila familia inachangia dola 1,800 kwa msimu, na chama hakina mapato mengine. Wasichana 27 wanaleta dola 48,600. Akiongezeka mmoja, zinakuwa 50,400. Kwa hiyo chama cha watoto 27 kinaweza kuzungusha karibu dola 49,000 kila mwaka bila umma kuona hata senti moja ilikokwenda. Kufikia fomu kamili, kwa kiwango hichohicho, wanahitajika watoto 112. Timu nyingi ni ndogo kuliko hapo.

Sasa tuongeze mashindano ya nyumbani. Klabu ikialika watoto 300 kwa dola 110 kila mmoja, ni dola 33,000 kabla ya viingilio vya watazamaji. Kazi hufanywa na wazazi wanaojitolea: wanakata tiketi mlangoni, wanauza vitafunwa, wanapeleka karatasi za alama kwa waamuzi. Pesa hizo zikiingia akaunti ya chama, zitaonekana kwenye fomu na huenda zikakipandisha daraja. Zikiingia akaunti ya ukumbi, hazionekani popote, na jasho la wazazi limekuwa faida ya mtu binafsi.

Mgawanyo ndani ya chama nao una mtego. Chama cha wazazi cha Capital Gymnastics, Virginia, kilikuwa na mfumo wa pointi: mzazi aliyechangisha pesa alipata pointi, kila moja ikipunguza dola 10 kwenye bili ya mtoto wake. Aliyeleta faida ya dola 600 alijipunguzia 600 zilezile, na mtoto ambaye wazazi wake hawakuchangisha hakupata kitu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua kwamba huko ni kunufaisha familia binafsi kwa mgongo wa msamaha wa kodi wa taasisi zisizo za faida, ikaunga mkono uamuzi wa IRS wa kukifutia chama msamaha huo kuanzia 2003.

Aliyezoea vikao vya chama au vikoba anajua kwamba mweka hazina anaposoma daftari mbele ya wote, maneno hupungua. Wazazi wa jimnastiki wanastahili hivyo, na njia ipo. Mtu yeyote, awe mwanachama au la, anaweza kudai nakala za Fomu 990 au 990-EZ za miaka mitatu ya karibuni. Kukataa kunaweza kugharimu faini ya kila siku, yenye ukomo kwa kila fomu. Chama kinachojaza 990-N kijiwekee sharti kwenye katiba yake: taarifa ya benki isomwe kila mwezi na mtu asiyetia saini hundi. Kwa mwenye ukumbi, nguvu ya mzazi iko kwenye mkataba. Kabla ya kusaini, aombe bei ya kila shindano kwa maandishi, gharama za kocha na jinsi zinavyogawanywa kwa watoto, na jina la akaunti itakayopokea pesa za mashindano ya nyumbani.