USALAMA NA AFYA: Neno «hot» ni moto gani?

Mashine nyingi zinatufikia kutoka ng'ambo na maandishi ya Kiingereza. Neno moja fupi linaonekana mara kwa mara: «hot». Anayejua Kifaransa atasema ni «chaud», yaani moto. Ni kweli, lakini haitoshi. Neno hili lina maana nyingi, na kukosea maana moja kunaweza kuleta kifo.

1. Joto. Bomba au injini yenye neno «hot» itakuunguza. Usiiguse bila glavu. Na nyinyi akina mama, angalieni robinet: ya Kifaransa, C ni maji ya moto, ya Kiingereza, C ni maji ya baridi, na H ndiyo ya moto. Jaribuni maji kwanza, kabla ya kumwogesha mtoto.

2. Pilipili. Chupa ya mchuzi yenye neno «hot» inaweza kuwa baridi kabisa. Maana yake ni pilipili kali. Iwekeni mbali na watoto.

3. Umeme. Kwa Wamarekani, waya «hot» ni waya wenye umeme. Hautoi moshi, hauna rangi ya moto, lakini unaua. Kata umeme, funga kwa kufuli, pima kwa chombo, ndipo ushike kazi.

4. Kazi ya cheche. «Hot work» ni kuunga au kukata chuma kwa moto. Kwanza ondoa mafuta, matambara na mbao. Weka kizima-moto karibu. Kazi ikiisha usiondoke mara moja: cheche iliyojificha inaweza kuwaka baadaye. Mtu mmoja abaki akilinda, angalau nusu saa.

5. Mionzi. Wataalamu huita «hot» kitu chenye mionzi mikali. Urani ya Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga, ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945; lakini jiwe la urani mkononi ni baridi kama jiwe lingine. Mionzi haionekani, hainuki, wala haichomi papo hapo. Vumbi lake likiingia mapafuni, ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka mingi. Usipeleke mawe ya mgodi nyumbani yawe mchezo wa watoto, na nawa mikono kabla ya kula.

Basi, ukiliona neno «hot», usitegemee mkono wako ukueleze. Jiulize: ni moto gani? Kama hujui, muulize kapita kabla ya kugusa. Kuuliza si ujinga.