Choo kigumu: kabla ya kununua vidonge, angalia kwanza unachokula asubuhi

Saa kumi na mbili za asubuhi, kwenye mitaa ya Goma, Bukavu au Butembo, chakula cha kwanza cha siku kinafanana: kikombe cha chai yenye sukari nyingi na mandazi mawili ya moto. Wengine wanachukua mkate mweupe. Wamotari wanakula wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, wanafunzi wanakula njiani, na wamama wengi wanaokimbilia soko hawaweki kitu mdomoni mpaka saa sita ya mchana.

Chakula hicho kinaondoa njaa kwa muda na bei yake si kubwa. Lakini kwa watu wenye shida ya kufunga choo, mara nyingi shida inaanzia hapo. Ni ugonjwa ambao wengi wanaona haya kuusema, hata mbele ya muganga. Mtu anapita kimya kwenye farmasi kununua vidonge vya kuharisha, ao anajipiga lavema ya majani nyumbani, na nyuma ya siku chache shida inarudi palepale.

Kufunga choo ni nini?

Si kila mtu anapaswa kwenda choo kila siku. Waganga wanazungumza juu ya kufunga choo ikiwa mtu anaenda chini ya mara 3 kwa juma, ikiwa choo ni kigumu na kikavu, ikiwa anajikaza sana, ao ikiwa anatoka akisikia kama hajamaliza.

Utumbo mkubwa unafanya kazi ya kunyonya maji kutoka kwa mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo muda mrefu, yanazidi kukauka. Kinachosaidia yasikauke ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kusaga yote: maganda ya maharagi, pumba za nafaka, nyama ya matunda, majani ya mboga. Nyuzinyuzi zinashika maji, zinafanya choo kuwa laini na kikubwa, na utumbo unapata kitu cha kusukuma.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mtu mzima apate gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, ao zaidi.

Sahani mbili za asubuhi

Tufanye hesabu ndogo. Mandazi mawili ya unga mweupe wa ngano na chai ya sukari yanaleta karibu gramu 2 za nyuzinyuzi. Unga huo umechujwa, pumba imebaki kwenye mashine. Sukari na chai havina nyuzinyuzi hata kidogo.

Sasa weka pembeni sahani nyingine: maharagi yaliyobaki jana mangaribi, nusu kikombe (gramu 6 ao 7), nusu ya avoka kubwa (gramu 6 hivi), na kipande cha papai (gramu 2 ao zaidi). Jumla inafika karibu gramu 15. Zaidi ya nusu ya kazi ya siku imefanyika kabla ya saa mbili ya asubuhi.

Vitu hivyo vyote vinapatikana kwetu. Maharagi ya Rutshuru na Masisi yanajaa kwenye soko la Virunga, na Bukavu yanauzwa Kadutu. Kwa nyumba ambayo makala ni bei kali, kupika maharagi asubuhi haiwezekani. Lakini inawezekana kupika mengi kidogo mangaribi na kuacha sehemu ya kesho. Yafunikwe vizuri, na asubuhi yachemshwe tena mpaka yatokote kabla ya kuliwa.

Vitu vingine vya kuchagua

Asiyependa maharagi asubuhi ana njia nyingine.

Kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake, baada ya kuoshwa vizuri, kinaleta karibu gramu 4. Kinaweza kushika nafasi ya mkate, na mtoto anaweza kukibeba kwenda nacho masomoni.

Uji wa masoso, yaani mahindi, soja na sorgo, unasaidia ikiwa unga haukuchujwa. Mama anayechekecha unga mpaka unakuwa mweupe kabisa anatupa pumba, ambayo ndiyo dawa yenyewe.

Marakuja iliwe pamoja na mbegu zake, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi ziko humo. Maji ya matunda yaliyochujwa hayafanyi kazi sawa na tunda lenyewe. Ndizi iliyoiva vizuri inafaa kuliko ile ambayo ingali na ganda la kijani.

Asiyeweza kuacha mandazi asilazimike kuyaacha. Ale moja pamoja na avoka ao papai. Hata kikombe cha kahawa si adui: kwa watu wengi kahawa inaamsha utumbo, lakini haiwezi kushika nafasi ya chakula.

Ni vizuri kuanza polepole. Mtu aliyezoea mkate mweupe akijaza maharagi na pumba siku moja, tumbo litavimba na kujaa upepo, na ataacha kesho yake. Aongeze kidogo kidogo kwa majuma mawili ao matatu.

Maji, na saa ya kwenda choo

Nyuzinyuzi bila maji zinaweza hata kuongeza shida. Kikombe kimoja ao viwili vya maji ukiamka, kabla ya chai, ni mwanzo mzuri. Kwa miji ambayo watu wanachota maji ziwani ao kwenye bomba la mtaa, maji hayo yachemshwe ao yatiwe klore, kwa sababu kipindupindu hakijaisha kwetu. Maji ya vuguvugu yaliyolala kwenye termosi yanatosha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mkubwa unaamka na kuanza kusukuma, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi asubuhi. Kwa hiyo dakika 15 ao 30 baada ya kula ndiyo saa nzuri ya kwenda choo. Anayekula akiwa njiani anapoteza saa hiyo. Haja inakuja akiwa juu ya pikipiki ao kwenye meza ya soko, anaizuia, na baada ya kuizuia siku nyingi mwili unaacha kuiita.

Kwenye parseli ambazo familia tano ao sita zinatumia choo kimoja, kuzuia haja kumekuwa mazoea, zaidi kwa wanawake na watoto wanaoogopa foleni, uchafu ao giza. Kuamka robo saa mapema na kula kitu kabla ya kutoka kunasaidia. Wazazi waulize pia kama mtoto anaogopa choo cha masomo, na wamwache aende choo cha nyumbani bila kumharakisha.

Wamama wenye mimba na watoto wachanga

Mimba yenyewe inapunguza mwendo wa utumbo, na vidonge vya chuma vinavyotolewa kwenye CPN vinaweza kukausha choo na kukifanya cheusi. Wamama wengine wanavitupa kwa sababu hiyo. Ni hatari, kwa sababu vinazuia upungufu wa damu. Mama aendelee na vidonge, aongeze matunda, maharagi na maji, na amwambie muuguzi shida yake.

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo bila kuwa mgonjwa, ikiwa ananyonya vizuri, anakojoa, anaongeza uzito na choo chake kinatoka laini. Kumpiga lavema ya majani ao ya pilipili kunaweza kumuunguza utumbo, hata kumuua. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe pia maji wala maji ya matunda; apelekwe kituo cha afya ikiwa mama ana wasiwasi.

Kwa watu wazima pia, lavema za kila juma na vidonge vya kuharisha vinavyonunuliwa bila ushauri vinaficha shida bila kuiondoa. Vinaweza kupoteza maji na chumvi za mwili.

Usingoje ukiona haya

Chakula cha asubuhi kinasaidia kufunga choo kwa kawaida. Hakitibu kila kitu. Enda hospitali ukiona damu kwenye choo, ukipunguza uzito bila sababu, ao ikiwa mwendo wa choo umebadilika ghafla baada ya umri wa miaka 50. Enda siku hiyohiyo ikiwa tumbo limevimba na linauma sana, unatapika, na hata upepo hautoki. Homa ya siku nyingi pamoja na kufunga choo inaweza kuwa tifoide, na tifoide ikichelewa kutibiwa inaweza kutoboa utumbo.

Kwa wengine wote, jaribio ni la majuma matatu: maji ukiamka, kitu chenye nyuzinyuzi kwenye sahani, na dakika chache za kukaa choo bila haraka. Ikiwa baada ya hapo hakuna mabadiliko, mwambie muganga bila haya. Anasikia shida hiyo kila siku.