Badilisheni jogoo, lakini msiuze mama kuku

Familia nyingi katika makanisa yetu hulipa pesa ya masomo kwa kuuza mayai na kuku. Kwa hiyo tunaulizwa mara kwa mara: tufanye nini ili kuku wetu watage zaidi?

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka. Rhode Island Red, mbegu nyekundu iliyotoka Marekani, hupita 200 akitunzwa vizuri. Njia rahisi ni kupata jogoo mmoja wa mbegu hiyo na kumweka na matetea kumi wa kienyeji. Ondoeni majogoo wengine, kisha ngojeni wiki tatu kabla ya kuchagua mayai ya kuatamiwa, kwa sababu mbegu ya jogoo wa zamani hukaa siku nyingi ndani ya tetea. Vifaranga watakaozaliwa ni chotara. Hukua haraka, hutaga kuliko mama zao, na bado wanajua kujitafutia chakula.

Rangi ya mayai pia itabadilika. Jogoo hatagi, lakini huwarithisha binti zake rangi ya ukoo wake. Wengi watataga mayai ya kahawia. Wateja wengine huyapenda zaidi, lakini rangi ya ganda haiongezi chakula kilicho ndani.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulipoona chotara wa kwanza tulifurahi sana, tukauza matetea wote wa kienyeji. Mwaka uliofuata mayai yalikuwa mengi, ila karibu hakuna kuku aliyetaka kuyaatamia, maana mbegu ile imechaguliwa kwa kutaga, si kwa kulea. Tena tulimwacha jogoo apande binti zake mwenyewe, na vifaranga wakazaliwa dhaifu.

Sasa tunafanya hivi. Kila nyumba inabaki na matetea wawili au watatu wa kienyeji, na mayai ya chotara tunayaweka chini yao kwa siku 21. Kila mwaka tunabadilishana majogoo na jirani. Na wote tunawachanja dhidi ya kideri, kwa kuwa ugonjwa huo hauchagui mbegu.

Ndugu, tunajua maana ya kukimbia na kurudi mikono mitupu. Anayerudi na tetea mmoja anayeatamia, na jogoo wa jirani, anaweza kuanza tena. Asiye naye atangoja pesa ya kununua vifaranga.