Mise, alizeti na ngozi ya mtoto njiti

Kuanzia soko la Ujiji hadi mwalo wa Kibirizi, mkoani Kigoma, mafuta ya mise hayakosekani. Mawese yakishakamuliwa, kokwa za mchikichi huanikwa juani na kupasuliwa, kisha kiini chake hukaangwa na kukamuliwa mpaka yatoke mafuta ya kahawia yenye harufu ya moshi. Mjukuu akizaliwa, bibi huulizia chupa hiyo kabla ya losheni yoyote ya dukani. Mtoto aliyetimiza miezi yake huipokea akiwa na ngozi iliyokamilika. Mtoto njiti hana ngozi hiyo.

Tabaka la juu la ngozi huanza likiwa safu moja tu ya seli. Mimba inavyokua, safu huongezeka, na kuanzia wiki ya 22 hadi ya 24 hivi seli za juu huanza kujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa na kushikamana. Seli hizo ndizo matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo udongo wa kujengea. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visipenye. Hukaribia kukamilika wiki ya 34.

Ujenzi huo huongozwa na protini zinazobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Mojawapo ilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, aliwadunga panya wachanga dawa aliyoitengeneza kutokana na tezi za mate za panya. Kwa kawaida panya hufumbua macho wakiwa na siku 12 hadi 14. Hawa walifumbua wakiwa na siku 7 hivi. Cohen akabaini kwamba ndani ya tezi zile mlikuwa na protini iliyoharakisha kukomaa kwa ngozi, ya kope ikiwemo. Aliitenga na kuitangaza mwaka 1962, ikaja kuitwa EGF. Mwaka 1986 alitunukiwa Nobeli pamoja na Rita Levi-Montalcini.

EGF hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, na ujumbe ukaingia ndani: gawanyika, au komaa. Protini hiyo imo katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na imo pia katika maziwa ya mama.

Anayezaliwa kabla ya wiki ya 28 hutoka ukuta ukiwa bado mbichi. Maji humtoka kupitia ngozi mara kumi au zaidi ya mtoto aliyetimiza miezi, joto linamwishia, na bakteria hupata njia ya kufikia damu.

Hapo ndipo mafuta yanapohusika. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapaka mafuta ya alizeti watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 33. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huihitaji kutengeneza mafuta ya ukuta wake. Karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki; linoleiki ni kidogo sana. Kwa hiyo mise, pamoja na sifa zake zote, haiwezi kushika nafasi ya alizeti kwa njiti.

Hata hivyo, kinga kubwa zaidi hainunuliwi sokoni. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo wakiwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24.

Basi akina mama, bibi na wakunga wa Kigoma: njiti akizaliwa, mwekeni kifuani, mfunikeni, mpeni maziwa ya mama na mumwahishe hospitali. Chupa ya mafuta, iwe ya mise au ya alizeti, isifunguliwe mpaka mhudumu wa afya aseme.