Muheme na trei za mayai

Kila Agosti, Nane Nane inapopamba moto katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, taarifa za habari za usiku hutuonyesha kina mama wa Kigogo wakipiga muheme mbele ya mgeni rasmi. Zinapita sekunde chache, kisha hotuba. Na katika sekunde hizo ngoma ile nzito inatufikia kama mtu anayegonga boksi la viatu. Vijana wanaofuatilia safu hii, wenye studio za chumbani, wananiuliza wafanye nini ili ngoma zao zisitoke hivyo. Kwa kuwa maikrofoni na kadi ya sauti tulishamalizana nazo, leo naomba ruhusa ya kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyelowea kusini mwa Afrika, aliizunguka Tanganyika akirekodi muziki, na Ugogo hakuupita. Hakuwa na chumba wala kompyuta ya kurekebishia mambo baadaye. Alishika maikrofoni mkononi, akawa anaisogeza huku wimbo ukiendelea: hapa kwenye zeze, pale kwa kiongozi, kisha anarudi nyuma kundi zima lisikike. Kwa maneno mengine, alikuwa anamiksi kwa miguu yake. Sikilizeni kazi hizo leo, zaidi ya miaka sabini baadaye, mtajua nani alisimama mbele na nani nyuma. Hazina hiyo inatunzwa na ILAM, taasisi ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwamba nakala mama za sauti za mababu wa Dodoma ziko kule na si Chamwino, mkoani kwao, ni jambo ambalo nitalisema mpaka mhariri anichoke.

Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, nayo ilirekodi bendi nzima kwa mpigo mmoja, magitaa, tarumbeta na ngoma pamoja. Fundi alipoona ngoma zinameza waimbaji, dawa ilikuwa kumhamisha mpigaji. Umbali ndio ulikuwa mashine yao.

Halafu yuko Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, ambaye zeze na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, vilimfikisha studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Albamu ya Chibite ilitoka mwaka 1996, Assembly ikafuata mwaka 2002, na mzee akafariki mwishoni mwa 2003. Lakini muheme, kwa mila, ni ngoma ya wanawake, na wanawake walikaa nyuma ya jina la mwanamume kwa miongo. Ni juzi tu, mwaka 2024, Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walipotoa albamu ya Maisha kwa jina lao wenyewe, The Zawose Queens. Prodyuza mwenye kununua mlio wa ngoma uliotengenezwa Ulaya ilhali jirani yake wa Nzuguni ana muheme nyuma ya mlango, huyo tatizo lake si vifaa.

Sasa trei za mayai. Ingia studio yoyote ya mtaani, utazikuta ukutani. Nieleze kwa hesabu kwa nini hazisaidii ngoma. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Chumba cha mita tatu kwa tatu, ambacho ndicho wengi tunachopanga, kina mvumo wake wa asili karibu na hezi 57, kwa sababu wimbi la namna hiyo lina urefu wa mita sita na nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili. Ili uzuie wimbi hilo kwa kitu laini cha ukutani, unahitaji unene wa kama mita moja na nusu. Trei ina sentimita tano, tena ni karatasi. Itapunguza makali kidogo ya sauti za juu, basi. Besi haitagusa, na siku waya ukichomeka vibaya itawaka upesi.

Tena chumba cha mraba ni kibaya zaidi, maana upana na urefu vinavuma kwenye noti ileile. Ukiweka maikrofoni katikati kabisa, mvumo ule wa kwanza unapotea. Ukiisogeza pembeni kwenye kona, unafurika. Kijana anahangaika na ikwalaiza usiku kucha kumbe alipaswa kusogeza stendi hatua moja. Juu ya chumba kuna bati, ambalo kila pigo linaliamsha likalia. Magodoro mawili yaliyosimamishwa na blanketi zito lililotandazwa chini ya dari yatatuliza mlio huo wa juu. Kwa besi, hamisha ngoma, kisha hamisha maikrofoni, kisha sikiliza tena.

Lakini muheme haukuumbwa uingie chumbani. Unapigwa uwanjani, umebanwa mapajani, na chini uko wazi, kwa hiyo sauti inatoka pande mbili: mpasuko juu kwenye ngozi, uzito huku chini. Toka nje. Uwanja hauna kuta za kuvuma wala bati. Adui wako Dodoma ni upepo, hasa kiangazi, kwa hiyo rekodi alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla mabasi ya stendi hayajaanza kupiga honi. Kama unakaa jirani na Soko la Job Ndugai, lililo pembeni ya stendi hiyo, nenda mbali zaidi.

Nafasi imeniishia, kwa hiyo yaliyobaki nayasema haraka. Ngozi ipashwe moto kwanza. Iliyolegea haiponi kwa kompresa. Maikrofoni moja iwe mbele, kama mita moja kutoka kwenye ngozi, nyingine karibu na ardhi nyuma ya mpigaji. Ya nyuma igeuze fezi, kisha linganisha: upande wenye besi nene ndio sahihi, kwa kuwa ngozi inapobonyea juu, hewa inasukumwa chini. Ukiongeza umbali mara mbili, ukiwa nje, sauti inashuka desibeli sita, na hicho ndicho kitufe chako cha kupunguzia. Acha kilele cha pigo kiishie kwenye desibeli kumi chini ya mwisho wa kipimo; sauti ikishapasuka haishoneki. Kama unarekodi kwa simu, nayo inapandisha na kushusha sauti yenyewe, tafuta programu inayokuruhusu kuizima tabia hiyo. Njuga za miguuni usizifute, ni sehemu ya ngoma.

Kina mama walipwe kabla hawajaondoka, na majina yao kamili yaandikwe kwenye faili, kila mmoja na ngoma aliyoipiga.

Toleo lijalo tutaingia kwenye ilimba na ule utando wa buibui unaoifanya ivume, ambao programu nyingi za kusafisha kelele huufuta zikidhani ni uchafu.