Paa Kwanza: Kupanga Nyumba Ndogo Nje ya Gridi Mkoani Dodoma

Nyumba isiyounganishwa na gridi ya taifa wala bomba la mamlaka ya maji hupangwa kuanzia juu. Paa ndilo kisima chake na ndilo hubeba mtambo wake wa umeme, kwa hiyo ukubwa wa paa huamuliwa kabla ya idadi ya vyumba. Wengi huchora vyumba, hupandisha kuta, kisha hutafuta pa kuweka tangi. Mahali pakavu kama Dodoma, kosa hilo hulipwa kila kiangazi kwa madumu ya kununua.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Ikitolewa moja ya tano inayoruka, kuvuja na kukauka, kila mita ya mraba ya paa huleta lita 440 kwa mwaka. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, bila mifugo wala bustani, wanahitaji lita 36,500 kwa mwaka. Paa linalotosha ni la mita za mraba 83, yaani mita 12 kwa 7.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hubeba paa hilo vizuri. Vyumba viwili vya kulala, sebule na stoo huingia katika mita za mraba 54. Zinazobaki ni baraza na jiko chini ya bati lile lile. Baraza hapa si urembo, kwani hukinga maji na kuzuia jua lisipige ukuta. Mwaka wa mvua ya milimita 400, paa hilo hutoa lita 74 tu kwa siku, na familia ijue mapema kwamba miaka ya namna hiyo ipo.

Kuchimba kisima kwenye kiwanja hicho hakufai. Choo cha shimo hutakiwa kuwa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na ulalo wa kiwanja chenyewe ni mita 28. Isitoshe, katika baadhi ya maeneo ya Dodoma maji ya ardhini ni ya chumvi.

Tangi hupimwa kwa kiangazi. Siku 214 za Mei hadi Novemba, kwa lita 100 kwa siku, ni lita 21,400. Tangi la duara la saruji na wavu wa chuma, lenye kipenyo cha mita 3.8 na kimo cha mita 2, hutosha. Likijaa, maji peke yake yana uzito wa zaidi ya tani 22, kwa hiyo msingi wake ukae juu ya ardhi ngumu isiyofukiwa. Mvua ya kwanza hutoka kwenye gata na rangi ya chai ya maziwa: vumbi la miezi saba, kinyesi cha njiwa, majani ya mwarobaini. Maji hayo huelekezwa kwanza kwenye pipa la lita 40, na pipa likijaa ndipo yanayofuata huingia tangini. Ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa hata hivyo.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri likute kuta fupi. Tembe ya Wagogo, yenye kuta nene na paa bapa la udongo, ilimudu joto vizuri kuliko nyumba nyingi za bati za leo, ila paa lake halivuni maji safi. Anayeezeka bati aweke dari na kuacha matundu ya hewa chini ya paa.

Mgongo wa paa ukienda mashariki kwa magharibi, upande wa kaskazini hufaa paneli za sola, kwa sababu Dodoma iko kusini mwa ikweta. Taa tano za LED, simu, redio na televisheni ndogo hutumia karibu wati-saa 365 kwa siku. Paneli ya wati 150 na betri ya volti 12 yenye ampia-saa 120 huubeba mzigo huo kwa siku mbili za mawingu. Pasi na birika la umeme visihesabiwe kabisa. Kimoja tu hula wati 1,000 au zaidi. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli hupunguza umeme sana, basi miti ipandwe magharibi.

Choo kikae upande wa chini wa mteremko. Bomba lake la hewa lipande nusu mita juu ya paa, na mdomo ufungwe wavu wa kuzuia nzi. Maji ya kuogea yaende kwenye mipapai.

Tangi jipya la saruji humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi ili liive. Kazi hiyo ikamilike mapema Novemba, ili mvua ya Desemba ikute tangi limesafishwa na gata zimefungwa.